TUNDA HILI LIMEIVA AU LIMEOZA?

  Leo kwenye ukurasa wetu wa familia tuzungumze juu ya kitu kinachotugusa kila siku ya soko, yaani matunda.

Wazazi wengi wakija kuchukua watoto shuleni wananiuliza maswali. Mama mmoja aliuliza, "Mwalimu, avoka ikiwa na weusi ndani naweza kumpa mtoto?" Baba mmoja akasema, "Mwalimu, sisi nyumbani hatutupi kitu. Tunakata pabaya, tunakula pazuri." Na kuna dada ambaye alimwaga ndizi zote kwenye shimo la takataka kwa sababu maganda yalikuwa yamegeuka meusi. Wote watatu wanatafuta kitu kimoja: watoto wale vizuri na wasiugue. Ila bila kujua alama, huyu anaweza kutupa chakula kizuri, na yule anaweza kumpa mtoto chakula kibaya.

Na sisi hatuna cha kupoteza. Tangu 2023 mgao wa chakula kwa wakimbizi hapa Uganda unagawanywa kwa makundi kufuatana na uhitaji, na mwaka 2025 familia nyingi sana zilitolewa kabisa kwenye orodha. Kwa hiyo shilingi elfu moja ya matunda ni pesa kubwa. Lakini mtoto akiharisha siku tatu, hiyo nayo ni hasara, tena kubwa kuliko ile elfu moja.

MATUNDA YETU YANATOKA WAPI

Matunda tunayoyala huku yanapita njia ndefu. Soko la mpakani pale Mpondwe, karibu na Bwera, linajaa siku ya Jumanne na Ijumaa. Wenyeji wetu Wakonzo wanashuka na mazao kutoka milima ya Rwenzori, na ndugu zao Wanande wanavuka kutoka upande wa Congo. Lugha yao ni karibu moja, wanaelewana bila shida. Kutoka hapo magunia yanapanda lori, pikapu au boda boda kwenda Kasese mjini na kwingine.

Sasa fikiria tunda lililochumwa mlimani kwenye baridi. Linateremshwa bondeni kwenye joto, na jua la mchana la Kasese linafika nyuzi 30 na kupita. Linabanwa ndani ya gunia, linarukaruka kwenye mashimo ya barabara. Mahali linapopondeka, ganda linapasuka hata kama hauoni kwa macho. Hapo ndipo ukungu na wadudu wadogo wa maradhi wanapata mlango. Ndiyo maana tunda lililokuwa zuri asubuhi linaweza kuwa baya kesho yake.

Jioni wauzaji wanataka kurudi nyumbani. Utasikia, "Mama, chukua fungu lote elfu moja, nafunga!" Hapana kukimbia bei hiyo, inaweza kuwa baraka. Lakini usichukue fungu bila kuligeuza. Sema kwa heshima, "Mama, niruhusu nitazame ya chini." Muuzaji mzuri hatakasirika. Mara nyingi mazuri yako juu na yaliyopondeka yako chini, maana ya chini ndiyo yanabeba uzito.

MAFUNGU MATATU

Ukifika nyumbani, mwaga matunda yako kwenye kitambaa safi na uyagawe mafungu matatu. Fungu la kwanza ni la kuweka: bado ni magumu, yatakaa siku mbili tatu au zaidi. Fungu la pili ni la kula leo: yameiva sana lakini hayajaoza. Fungu la tatu ni la kutupa. Kazi yote ya makala hii ni kukusaidia usichanganye fungu la pili na la tatu.

Mungu ametupa vyombo vitatu vya kupimia: macho, pua na vidole. Macho yanatafuta ukungu, nyufa, matundu ya funza na maji yanayotoka. Pua inatafuta harufu ya pombe, ya siki au ya uozo. Vidole vinatafuta mahali palipolegea kama uji wakati sehemu nyingine bado imeshikana. Ulimi siyo chombo cha kupimia! Wengine wanaonja kwanza "kuona kama bado." Ukiwa na shaka mpaka unataka kuonja, basi jibu umeshalipata.

TUNDA MOJA MOJA

Ndizi mbivu. Ganda jeusi siyo ubaya. Ndizi inakuwa nyeusi nje huku ndani ni nyeupe na tamu sana. Menya uangalie. Kama ndani ni laini lakini imeshikana na inanukia vizuri, hiyo ni ya kula leo. Kama inatoa maji, imekuwa kahawia yote na inanuka kama kasiksi, imeshaanza kugeuka pombe. Hiyo harufu hakuna Mkongo asiyeijua. Ukiona ukungu kwenye kikonyo au ganda limepasuka na nzi wamejaa, tupa.

Parachichi, au avoka. Bonyeza taratibu karibu na kikonyo kwa kiganja, siyo kwa ncha ya kidole, maana ncha inalipondaponda. Likibonyea kidogo, limeiva. Likibonyea na kubaki na shimo, limepita. Ukilipasua na kulikuta la kijani na njano, likabadilika kahawia baada ya muda, huo siyo uozo. Ni hewa tu imeligusa, kama vile muhogo au kiazi ulichomenya. Kwaruza juu au kula hivyo hivyo. Lakini kama weusi umeingia ndani kabisa, nyama ina mabaka mengi na inanuka uchungu au siki, usimpe mtoto.

Embe. Madoa madogo meusi juu ya ganda ni ugonjwa wa kuvu wa mwembe. Yakiwa machache na ganda halijalegea, ndani huwa pazima. Yakiwa yameungana kuwa baka kubwa jeusi na laini, hasa pale kwenye kikonyo, uozo umeshaingia. Tazama pia kitundu kidogo kama cha sindano. Nzi wa matunda anataga mayai humo, na ukipasua unakuta funza weupe. Funza hao siyo sumu, lakini njia yao inaingiza uozo. Embe la namna hiyo heshima yake ni shimo la takataka.

Papai. Likiiva linakuwa njano na laini, hiyo ni kawaida. Baya ni lile lenye duara zilizozama, zenye maji, na juu yake pamba nyeupe au ya kijivu. Papai likianza hivyo linaharibika haraka, siku moja tu linakwisha.

Nanasi. Lishike na uligeuze chini juu. Nanasi linaanza kuoza kwenye kitako. Nusa pale. Harufu tamu ni nzuri. Harufu ya siki au pombe, na maji yanayochuruzika, ni alama ya kuacha. Rangi peke yake inadanganya, maana kuna nanasi la kijani nje ambalo ndani limeiva kabisa.

Chungwa. Watu wengine wanakataa chungwa la kijani. Katika nchi za joto kama hizi, chungwa linaweza kuiva na kubaki kijani, kwa sababu usiku hauna baridi ya kubadilisha ganda. Pima uzito: zito lina maji, jepesi limekauka. Ukiona vumbi jeupe, la kijani au la bluu, huo ni ukungu. Litoe kwenye gunia mara moja na uangalie majirani zake, maana vumbi hilo ndilo mbegu za ukungu.

Marakuja. Hapa wengi wanakosea. Ganda likiwa na makunyanzi wanafikiri limekufa, kumbe ndipo limekuwa tamu. Pima uzito tu. Zito lenye makunyanzi, nunua. Jepesi sana, lililopasuka au lenye ukungu, acha.

Tikiti maji na fenesi. Haya mara nyingi tunanunua vipande. Swali la kwanza usiulize bei. Uliza, "Limekatwa saa ngapi?" Kipande kilichokaa juani tangu asubuhi kina nzi, kina vumbi, na wadudu wa maradhi wanazaana humo haraka. Tunda lililokatwa lisikae zaidi ya saa mbili bila kuliwa, na kama joto limepita nyuzi 32, saa moja inatosha. Tikiti linalotoa mapovu au kuwasha ulimi kama soda limeharibika.

KUKATA PABAYA: LINI NDIYO, LINI HAPANA

Sasa turudi kwa yule baba wa "tunakata pabaya." Ana haki nusu. Tunda lililopondeka tu, bila ukungu na bila harufu, unaweza kukata sehemu ile na kula iliyobaki siku hiyo hiyo. Tunda gumu, kama embe bichi au tufaa, likiwa na doa dogo la ukungu, kata kwa upana wa vidole viwili kuzunguka doa na kwenda chini, na kisu kisiguse ukungu halafu kikaguse nyama nzima.

Lakini tunda laini lenye majimaji, kama papai, embe lililoiva, ndizi au nyanya, likishika ukungu tupa lote. Ukungu una mizizi midogo sana. Unachokiona juu ni kama uyoga: shina lake liko chini na limetembea mbali. Katika nyama laini mizizi inakimbia bila kuonekana.

Wengine wanasema, "Nitapika, moto utaua." Moto unaua wadudu wengi wa maradhi, ndiyo. Lakini aina nyingine za ukungu zinaacha sumu ambayo moto wa jikoni haiimalizi. Mwaka 2004 huko Kenya, upande wa Makueni na Kitui, watu 125 walikufa kwa kula mahindi yenye ukungu, na mahindi hayo yalikuwa yamepikwa. Sumu ile inaitwa sumukuvu. Yale yalikuwa mahindi, siyo matunda, na ukungu wa matunda siyo ule ule. Somo ni moja lakini: kupika hakurudishi chakula kilichooza kuwa kizima. Na usimwekee mtoto mdogo au mama mjamzito "kile kilichobaki," maana miili yao inaumia haraka kuliko yetu.

UBAYA USIOONEKANA

Wazazi wapenzi, hapa nawaomba msome polepole. Tunda linaweza kuwa zuri kwa macho, kwa pua na kwa vidole, lakini bado likaleta ugonjwa. Hilo halikuoza, limechafuliwa.

La kwanza ni maji. Mwaka 2015 kipindupindu kiliingia hapa wilaya ya Kasese, na wachunguzi walikuta kwamba watu waliugua kwa maji yaliyochotwa pembeni ya ziwa. Mwanzoni mwa 2018, ndugu zetu waliokimbia Ituri na kuvuka Ziwa Albert kwenda Kyangwali walipata kipindupindu, watu zaidi ya 2,000 wakaugua. Huko nako chanzo kilikuwa maji, ya kijito. Sasa ukichukua embe zuri ukaliosha kwa maji ya namna hiyo, umelipaka ugonjwa kwa mikono yako mwenyewe. Na wauzaji wengine wananyunyizia matunda maji ya mtaroni ili yang'ae. Kwa hiyo osha kila tunda nyumbani, kwa maji yaliyochemshwa au yaliyowekwa dawa ya maji. Sabuni usitumie kwenye tunda, inaingia ndani. Sabuni ni ya mikono yako.

Osha hata tunda ambalo ganda lake hauli. Watoto wa darasa langu walishangaa kusikia hivyo. Tulichukua chungwa, tukalipaka unga wa chaki nje, tukalipasua kwa kisu. Wakaona unga mweupe umeingia mpaka katikati. Uchafu unafanya hivyo hivyo, ila hauna rangi ya chaki.

La pili ni meno. Watoto wanapenda kuokota mapera na maembe yaliyoanguka chini ya mti. Lililoanguka bila kupasuka, linaoshwa na kuliwa. Lakini lenye alama za meno, kwato au mdomo wa ndege, hapana. Hasa la popo. Hapa siyo hadithi za kutisha watoto. Mwaka 2007 wachimbaji wa mgodi wa Kitaka, hapa magharibi mwa Uganda, walipata ugonjwa wa Marburg. Mwaka 2008 mwanamke kutoka Uholanzi alikufa kwa Marburg baada ya kutembelea pango la popo katika msitu wa Maramagambo, ndani ya mbuga ya Queen Elizabeth. Wataalamu walikamata popo wanaokula matunda kwenye mapango hayo na kuwakuta na virusi. Tena popo huyo anatafuna tunda, ananyonya maji yake, anatema makapi chini, na virusi vya Marburg vinaweza kuishi juu ya tunda kwa saa kadhaa. Watu wale waliugua baada ya kuingia mapangoni, siyo kwa kula matunda. Lakini mama mwenye busara hangoji mtoto wake awe mfano wa kwanza. Tunda lililoumwa, usile na usimpe mtoto hata ukikata sehemu ya meno.

La tatu ni mikono. Watu wa Bwera wanakumbuka Juni 2019, Ebola ilipoingia kutoka Congo na wagonjwa wakapelekwa hospitali ya Bwera. Kila aliyevuka Mpondwe alinawa mikono. Siku zile zilikuwa za huzuni, lakini desturi ile ya kunawa tusiiache mpakani. Tuilete mpaka kwenye sahani ya matunda.

KUWEKA MATUNDA ILI YAKAE

Nyumba zetu hazina friji, lakini kuna mambo tunayoweza:

1. Weka kivulini, penye upepo, juu ya kapu au mkeka. Siyo chini kwenye udongo, siyo karibu na jiko.
2. Usifunge ndani ya mfuko wa plastiki. Plastiki inatoa jasho, na jasho linaita ukungu.
3. Usioshe kabla ya kuweka. Osha wakati wa kula.
4. Tenga ndizi mbivu na matunda mengine. Ndizi inatoa gesi inayoivisha jirani zake. Ukitaka avoka iive haraka, ifunge pamoja na ndizi kwenye karatasi. Ukitaka ikae, zitenganishe.
5. Kila asubuhi pitia kapu. Mtoto mkubwa anaweza kupewa kazi hiyo, inamfundisha.

Na lile fungu la kula leo, usilionee haya. Ndizi zilizolegea ziponde, changanya na unga wa muhogo, kaanga kabalagala. Maembe na marakuja tengeneza maji ya matunda kwa maji yaliyochemshwa na kupoa, yanywewe siku hiyo hiyo. Maganda na yaliyooza yaende kwenye shimo la mbolea, yafunikwe udongo ili nzi wasije. Hata tunda baya litazaa mchicha.

MTOTO AKIHARISHA

Mtoto akianza kuharisha, usingoje. Mpe ORS. Kama hakuna, chukua lita moja ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya kusawazisha, koroga. Mpe kidogo kidogo, mara nyingi. Anayenyonya aendelee kunyonya. Muone VHT wa karibu, ataweza kukuelekeza juu ya vidonge vya zinki. Kimbia kituo cha afya kama kuna damu, kama anatapika kila kitu, kama macho yamezama, au kama choo ni maji meupe kama ya mchele.

Mwisho, naomba mtu asisome makala hii akaogopa matunda. Embe na papai zilizoiva zina vitamini A inayolinda macho ya watoto. Pera lina vitamini C kuliko chungwa. Watoto wetu wanakula posho na maharage siku nyingi, kwa hiyo kipande cha papai safi ni kama dawa.

MASWALI YA KUZUNGUMZA NYUMBANI

1. Katika kapu letu leo, lipi ni la kuweka, lipi la kula leo, lipi la kutupa? Kila mtoto ataje alama aliyoiona.
2. Maji tunayooshea matunda yanatoka wapi, na nani anayachemsha?
3. Ganda jeusi la ndizi na ukungu mweupe wa papai: kipi ni kuiva, kipi ni kuoza?
4. Ukiokota pera lenye alama za meno, utafanya nini?

Yule asiyejua kusoma asomewe na mwanafunzi wa nyumba hiyo. Na mwenye njia nyingine ya kupima au kuweka matunda, aliyofundishwa na bibi yake huko Beni, Butembo au Bunia, aje shuleni atueleze. Tutaiandika ili wengine wajifunze.